Litografia kati ya msanii na karakana: mwongozo kamili, kuanzia mkataba hadi jiwe kufutwa

Litografia, yaani uchapaji wa picha kutoka kwenye jiwe, haichongwi. Jiwe hubaki bapa mwanzo hadi mwisho, na kinachotenganisha penye wino na pasipo wino ni uadui wa mafuta na maji peke yake. Msanii huchora kwa kitu chenye mafuta. Fundi hulitibu jiwe kwa gundi na asidi ili sehemu zisizochorwa zishike maji. Kisha jiwe hulowanishwa, rola hupitishwa, na wino hukamata palipochorwa tu. Alois Senefelder aliibuni njia hii kusini mwa Ujerumani kati ya 1796 na 1798. Wasomaji wa pwani yetu waliishika mikononi bila kuijua jina: vitabu vingi vya dini vya hati za Kiarabu vilivyofika kutoka Bombay katika karne ya 19 vilikuwa chapa ya mawe.

Kazi ya msanii na mchapaji kukaa juu ya jiwe moja ina desturi yake. Picasso alianza kuchora mawe katika karakana ya Mourlot jijini Paris mwaka 1945. Marekani ufundi huu ulikuwa umekaribia kufa, ndipo msanii June Wayne alipofungua karakana ya Tamarind mjini Los Angeles mwaka 1960 kwa fedha za Ford Foundation, lengo kuu likiwa kulea wachapaji; mwaka 1970 ikahamia Albuquerque, chini ya Chuo Kikuu cha New Mexico. Karibu na kwetu ipo The Artists' Press ya White River, Afrika Kusini, iliyoanzishwa na Mark Attwood aliyesomea ufundi huo Tamarind. Vipimo vingi vilivyomo humu ni vya desturi hiyo.

Tutumie mfano mmoja hadi mwisho: picha ya sm 38 kwa 50 kwenye karatasi ya sm 56 kwa 76, rangi nne (nyeusi kutoka kwenye jiwe, nyingine tatu kutoka kwenye sahani za alumini), toleo la nakala 30.

Kabla ya kugusa jiwe

Miradi mingi huharibikia hapa, wala si kwenye asidi. Kwanza amueni nani anabeba gharama. Kuna njia mbili za kawaida. Katika ya kwanza msanii hulipia kazi kama anavyolipia fundi yeyote, na toleo lote ni lake. Katika ya pili karakana ndiyo mchapishaji: inatoa mawe, karatasi, wino na mishahara, kisha wanagawana nakala au mauzo, mara nyingi nusu kwa nusu. Njia ya pili inamfaa msanii asiye na mtaji, lakini isomwe vizuri. Je, nusu hiyo ni ya mauzo yote, au ya kinachobaki baada ya karakana kurudisha gharama? Tofauti ya sentensi hiyo moja inaweza kumaanisha msanii asipate shilingi mpaka nakala ya kumi na tano iuzwe.

Mkataba utaje idadi ya toleo na nakala zote za nje ya toleo. Nani analipa iwapo jiwe litapasuka au msanii atabadili mawazo baada ya prufu (chapa za majaribio). Bei ya kuanzia, na itapanda lini (wengi hupandisha kila theluthi ya toleo inapoisha). Nani anasafirisha na nani analipa ushuru wa forodha. Na kwamba hakimiliki ya picha inabaki kwa msanii. Andikeni pia tarehe ya kufuta jiwe. Bila tarehe hiyo, mnunuzi ana haki ya kuuliza kama nakala ya 31 haipo mahali fulani.

Halafu gawaneni maamuzi. Fundi anaamua nguvu ya asidi, ugumu wa wino na mgandamizo wa mashine. Msanii anaamua rangi, karatasi, ukingo, na lini picha imekwisha. Kila mmoja anaweza kumshauri mwenzake mchana kutwa, ila neno la mwisho lijulikane ni la nani. Msanii anayemwambia fundi apunguze matone ya asidi "kidogo tu" atapata jiwe linalochafuka. Na fundi anayemrekebishia msanii mstari hajui kazi yake.

Hesabu ya karatasi

Karatasi za pamba za gramu 250 hadi 280 kwa mita ya mraba, kama Rives BFK au Somerset, ndizo zinazovumilia kupitishwa mashineni mara nne. Kwa mfano wetu: toleo 30, nakala za msanii 3, nakala ya idhini 1 (ya kulinganishia nyingine zote), za wachapaji 2, za kumbukumbu ya karakana 2. Jumla 38. Kila rangi itaharibu karatasi mbili tatu, hivyo kwa rangi nne ongeza 12, unafika 50. Prufu za rangi zinataka 12 nyingine. Nunua 65, zote za fungu moja, kwa sababu weupe wa karatasi hubadilika kidogo kutoka fungu hadi fungu, na nakala mbili zikitundikwa pamoja jicho litaona. Ongeza karatasi mia hivi za bei nafuu, zile za gazeti, kwa majaribio ya mwanzo.

Karatasi nzuri zipitishwe mara moja mashineni juu ya jiwe safi lisilo na wino kabla ya rangi ya kwanza. Mgandamizo huivuta karatasi. Ikivutwa mapema, haitavutika tena kati ya rangi ya kwanza na ya pili. Baada ya hapo zifungwe kwenye plastiki ndani ya chumba kile kile cha kuchapia. Karatasi iliyolala kwenye chumba kikavu na kuletwa kwenye chumba chenye unyevu itaongezeka milimita moja, na milimita moja inatosha kuharibu mpatano wa rangi, yaani kila rangi kutua mahali pake.

Kuchagua na kusaga jiwe

Mawe bora ni ya chokaa ya Solnhofen, Bavaria. Ya manjano ni laini zaidi na huitikia asidi haraka. Ya kijivu ni magumu na hushika michoro myembamba vizuri. Jiwe la sm 50 kwa 65 lenye unene wa sm 8 lina uzito wa karibu kilo 68, kwa hiyo lihamishwe na watu wawili au kwa toroli la kunyanyulia. Unene upimwe kwenye pembe zote nne. Tofauti ya milimita moja kutoka pembe hadi pembe inatosha kulipasua jiwe chini ya mashine.

Kusaga ni kuondoa picha ya zamani pamoja na mafuta yaliyozama. Mwaga maji, nyunyiza unga wa kusagia wa karborandamu namba 80 au 100 (namba ikiwa ndogo, chembe ni kubwa), kisha zungusha kisagio cha chuma kwa mwendo wa namba nane, ukifika kwenye pembe mara nyingi kama unavyofika katikati. Mgeni husaga katikati tu, na jiwe linakuwa na bonde. Unga ukigeuka tope la kijivu linalonata, osha uanze upya. Rudia mpaka kivuli cha picha ya zamani kipotee, kisha hamia namba 180, mara tatu, na umalizie na 220, mara tatu. Kati ya namba na namba osha jiwe, kisagio, meza na mikono yako. Chembe moja ya namba 80 ikijificha kwenye duru ya 220 itachora mkwaruzo mweupe wa duara ambao hautaonekana mpaka wino upande.

Ili kupima ubapa, weka vipande vitatu vya karatasi nyembamba juu ya jiwe, viwekee rula ya chuma juu yake, kisha vivute kimoja kimoja. Kinachotoka bila kukwama kinaonyesha penye bonde. Mwisho duarisha kingo zote kwa tupa, kwa sababu kingo kali hukamata wino na kuchafua ukingo wa karatasi.

Kuchora

Kuanzia sasa hakuna kiganja kinachogusa jiwe. Mafuta ya ngozi hayaonekani wakati wa kuchora, ila alama ya kidole itatokea nyeusi ti wakati wa kupaka wino. Tengeneza daraja la ubao la kuegemeza mkono. Kingo za sm 5 hivi pande zote zipakwe gundi kabla ya kuanza; sehemu hiyo haitashika mafuta tena, hata msanii akisahau.

Picha itageuka kama kwenye kioo. Andika maneno kinyume, na kama mchoro una mwelekeo maalumu, weka kioo mbele yako ukiwa unachora. Mistari ya kuongozea ichorwe kwa chaki nyekundu ya oksidi ya chuma, isiyo na mafuta. Karatasi ya kaboni ya ofisini ina nta na itachapika.

Krayoni za litografia zimepangwa kwa namba, 00 ikiwa laini na yenye mafuta mengi, 5 ikiwa ngumu. Hapa wachoraji wengi hudanganyika: weusi unaouona kwenye jiwe ni rangi ya masizi iliyowekwa ndani ya krayoni ili uone unachochora, na si kipimo cha mafuta. Mchoro wa namba 5 uliokandamizwa mpaka ukawa mweusi unaweza kuwa na mafuta kidogo kuliko mchoro hafifu wa namba 1. Kwa hiyo mwambie fundi umetumia namba gani na wapi. Chora ramani ndogo ya jiwe kwenye daftari: hapa namba 4, hapa namba 1, hapa wino wa kimiminika. Bila ramani hiyo fundi atabahatisha asidi.

Wino wa kimiminika, unaoitwa tushe, huyeyushwa kwa maji yaliyochujwa au kwa tapentaini. Wa maji hukauka kwa mawimbi na vijitundu vinavyofanana na ganda la mti, na ndiyo sababu kubwa ya wachoraji wa rangi za maji kupenda jiwe. Lakini maji mepesi sana yenye rangi yanaweza kukosa mafuta ya kutosha kuvumilia asidi, na doa lako zuri la kijivu litatoweka. Fanya jaribio kwenye jiwe dogo kwanza: madoa matano ya wepesi tofauti, yote yatibiwe na kuchapwa. Saa nne za jaribio hilo huokoa siku tatu.

Kosa dogo hukwanguliwa kwa wembe mpya. Usikwangue kwa nguvu mpaka ukaacha shimo, maana wino utajaa shimoni.

Kulitibu jiwe

Mchanganyiko wa gundi na asidi tutauita dawa. Gundi ni ile ya miti ya migunga, ambayo Sudan ndiyo muuzaji wake mkubwa duniani na ambayo hukusanywa pia kaskazini mwa Kenya. Yeyusha sehemu 1 ya gundi kwa sehemu 2 za maji kwa uzito, iache usiku kucha, ichuje kwa shashi mara mbili, kisha ongeza maji mpaka kipimo cha uzito wa vimiminika kisome digrii 14 za Baumé. Asidi ni ya nitriki. Vaa miwani na glavu, fungua madirisha, na kama unapunguza makali yake, asidi ndiyo inayomiminwa ndani ya maji; ukifanya kinyume itakurukia usoni.

Kwa kila ml 30 za gundi, anza na vipimo hivi kwa jiwe la manjano: mchoro mwepesi wa krayoni ngumu, gundi tupu hadi matone 5, mchoro wa kati, matone 8 hadi 12, weusi mzito wa tushe au namba 00, matone 15 hadi 20. Jiwe la kijivu huvumilia matone mawili matatu zaidi. Jaribu tone la dawa ukingoni mwa jiwe. Dawa hafifu haitoi mapovu yanayoonekana. Ya kati hutoa mapovu madogo baada ya sekunde chache. Kali hutoa povu papo hapo.

Nyunyiza rosini iliyosagwa, iliyotokana na utomvu wa misonobari, sugua taratibu kwa pamba, kisha nyunyiza poda ya talki. Rosini hukinga mafuta dhidi ya asidi, talki huifanya dawa isitengane kama maji juu ya nta. Vaa barakoa, vumbi hili halifai kifuani.

Sasa mwaga gundi tupu juu ya jiwe lote na uisambaze kwa brashi pana. Peleka dawa ya kati kwenye sehemu za kati, na kali kwenye weusi peke yake, ukiisogeza brashi bila kukoma kwa dakika tatu hadi tano. Ramani ya krayoni ndiyo inayokuongoza hapa. Futa ziada, kisha sugua kwa shashi safi mpaka gundi ibaki utando mwembamba, laini, usio na michirizi. Mchirizi mnene utazuia tapentaini kupita siku ya pili, na utaonekana kwenye picha kama alama ya kitambaa. Liache jiwe usiku mzima.

Asubuhi osha dawa kwa maji, paka gundi mpya, isugue iwe nyembamba, ikauke. Bila kutumia maji, mwaga tapentaini kidogo na usugue mchoro. Utatoka wote. Kama msanii hajawahi kuona hatua hii, mwambie mapema, kwa sababu anaona kazi ya siku tatu ikigeuka tope jeusi kwenye kitambaa. Mafuta yamebaki ndani ya jiwe. Kilichotoka ni masizi. Paka utando mwembamba wa asfalti, ukaushe, kisha ondoa gundi kwa sifongo na maji. Jiwe likiwa bado lina unyevu, pitisha rola ya ngozi yenye wino mweusi mgumu. Mpito wa kwanza utakuwa hafifu. Lowanisha, pitisha tena, mara sita, nane, kumi, mpaka mchoro urudi ulivyokuwa. Simama hapo hapo. Tamaa ya kuongeza mpito mmoja zaidi ndiyo inayoziba vijitundu vya krayoni.

Kausha kwa feni, nyunyiza poda zote mbili, tia dawa ya pili iliyo dhaifu kuliko ya kwanza, sugua, liache tena. Jiwe sasa liko tayari kwa prufu.

Sahani za rangi

Chapa nakala moja ya jiwe kwenye plastiki laini isiyofyonza, inyunyizie unga wa oksidi nyekundu wino ukiwa mbichi, pangusa ziada, kisha ipitishe mashineni juu ya sahani ya alumini. Sahani itapata picha nyekundu isiyo na mafuta, inayomwongoza msanii achore rangi yake mahali hasa panapotakiwa. Rudia kwa kila sahani. Alumini haitibiwi kwa nitriki. Hutumiwa gundi yenye asidi ya taniki au ya fosforiki. Hatua nyingine zinafanana.

Alama za mpatano ziwekwe mahali pamoja kwenye jiwe na kwenye sahani zote: herufi T katikati ya upande mmoja, mstari mfupi katikati ya upande wa pili, zikikwaruzwa kwa sindano nje ya picha. Kila karatasi iwe na alama hizo hizo nyuma yake kwa penseli kali. Watu wawili huishusha karatasi, mmoja akilinganisha T, mwingine mstari.

Prufu na nakala ya idhini

Anzeni na karatasi za gazeti. Prufu tatu nne za mwanzo hazina maana, jiwe linakunywa wino bado. Kuanzia ya tano ndipo mtazame.

Kwa rangi, kila mchanganyiko uandikwe kwa gramu, si kwa macho. "Bluu na nyeusi kidogo" hairudiwi. "Gramu 120 za msingi angavu, 30 za bluu, 4 za nyeusi" inarudiwa. Changanya wa kutosha toleo zima na ubaki, kwa sababu kuchanganya tena katikati ya siku ni kuomba nakala za rangi mbili. Jaribuni mpangilio pia. Rangi nyepesi kwanza na nyeusi mwisho ndiyo desturi, lakini nyeusi ikitangulia na bluu angavu ikaja juu yake, weusi hupoa na kurudi nyuma. Karatasi 12 za majaribio zinatosha mipangilio mitatu. Msanii akitaka wa saba, tatizo liko kwenye mchoro.

Karatasi moja ikiwapendeza wote wawili, msanii anaisaini kwa penseli kuwa ni nakala ya idhini. Wafaransa huiita *bon à tirer*. Tangu dakika hiyo hakuna kubadili kitu. Kila nakala ya toleo italinganishwa na hiyo, na isiyofanana itachanwa. Inabaki karakana. Msanii anaweza kurudi nyumbani, na fundi ana kipimo kisichobishaniwa simuni.

Kuchapa toleo

Wanahitajika wawili, mmoja wa rola na mmoja wa sifongo, na wa sifongo hashiki wino hata kwa bahati mbaya. Wa tatu wa kubeba karatasi ni neema. Timu iliyozoeana hutoa karatasi 8 hadi 15 kwa saa. Rangi moja kwa siku, kisha karatasi zikauke angalau saa 24. Mradi wa rangi nne kwa hiyo ni siku nne za kuchapa, baada ya wiki moja hivi ya kuchora, kutibu na kutoa prufu.

Ubao wa mgandamizo, ule uliochongwa ncha kama paa na kuvikwa ukanda wa ngozi, uwe mpana kuliko picha na mwembamba kuliko jiwe. Kwa picha ya sm 38 juu ya jiwe la sm 50, ubao wa sm 44 unafaa. Pakeni grisi kwenye ngozi na juu ya plastiki ngumu inayofunika karatasi. Wekeni alama za mwanzo na mwisho wa safari ya mashine ili ubao usitue kamwe nje ya jiwe.

Kwa rangi pana zisizo na mchoro, tumieni rola ya mpira ambayo mzingo wake unazidi urefu inaopita. Ikipita upande wa sm 38, kipenyo kiwe zaidi ya sm 12.1, ikipita upande wa sm 50, karibu sm 16. Rola ndogo ikimaliza mzunguko katikati ya picha itaacha mstari hafifu, na hakuna ujanja wa kuufuta.

Yanayoharibika

Utando wa wino pasipochorwa: dawa ilikuwa dhaifu, wino ni laini mno, au sifongo ni chafu. Badilisha sifongo kwanza, ndiyo rahisi. Ikishindikana, kaza wino kwa unga wa magnesia kaboneti. Ya mwisho kabisa ni kupaka wino mgumu, kukausha na kutia dawa tena.

Mchoro unazidi kuwa mweusi kutoka nakala hadi nakala: wino mwingi au mgandamizo mwingi. Punguza wino, pitisha rola haraka na kwa wepesi. Rola ya polepole huacha wino, ya haraka huuokota.

Mchoro unafifia: dawa iliunguza. Sehemu iliyoungua hairudi. Jiwe laweza kufunguliwa upya, yaani kufanywa lishike mafuta tena, kwa asidi hafifu ya siki na kuchorwa tena hapo, ila mkono wa pili haufanani na wa kwanza, na msanii lazima awepo.

Mstari mweupe ulionyooka kuelekea upande wa safari ya mashine: kuna kovu kwenye ngozi ya ubao. Badilisha ngozi, usiongeze mgandamizo.

Karatasi inachanika uso: wino unanata mno. Matone machache ya mafuta ya kitani yaliyochemshwa hutosha.

Rangi hazipatani kwa nakala moja moja, mara huku mara kule: ni mikono ya washushaji. Zikikosea zote upande mmoja kwa kiasi kile kile, ni karatasi iliyovutika au alama ya sahani iliyokosewa. Msitafute kosa la pili kabla ya kujua ni lipi kati ya haya.

Jiwe kupasuka: chembe chini yake, pembe zisizo sawa, au jiwe jembamba. Kila asubuhi pangusa kitanda cha mashine kwa kiganja, si kwa macho. Mwaka 1963 jiwe la msanii wa Marekani Robert Rauschenberg lilipasuka mashineni katika karakana ya ULAE, Long Island, New York. Akalichapa vile vile, ufa ukiwa ndani ya picha, akaiita *Accident*, nayo ikatwaa tuzo kuu ya maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya chapa huko Ljubljana mwaka huo huo. Hilo ni la Rauschenberg. Mkataba wenu useme la kwenu litakuwaje.

Sahihi na kufuta

Tandazeni nakala zote mezani kando ya nakala ya idhini, mchana, karibu na dirisha. Zisizofanana zichanwe mbele ya wote wawili, hata kama toleo litashuka hadi 28. Andikeni 1/28, wala msijaze pengo kwa nakala za msanii. Msanii asaini kwa penseli chini ya picha, namba kushoto na jina kulia. Karakana igonge muhuri wake mkavu, usio na wino, pembeni. Hati ya kumbukumbu itaje karatasi, mpangilio wa rangi, majina ya wachapaji, tarehe, na nakala zote za nje ya toleo.

Mwisho, msanii akwaruze msalaba juu ya jiwe na sahani zote tatu, ichapwe nakala moja ya picha iliyofutwa, na iwekwe pamoja na hati. Jiwe lirudi kwenye sinki la kusagia siku ile ile. Mafuta yakikaa juu yake miezi, huzama, na fundi atakayelisaga atalazimika kurudia namba 80 mara nyingi zaidi kuliko ilivyostahili.